Midomo inakufa ganzi katikati ya gwaride, niache yufoniamu?

"Shikamoo afande. Nina miaka 24, nipo bendi ya jeshi mwaka wa pili sasa. Nimekulia kwenye matarumbeta ya kanisani napiga korneti, lile tarumbeta dogo, nilipofika huku nikapewa yufoniamu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kwa sababu aliyekuwa anaipiga alistaafu. Shida kubwa ni midomo. Nikipiga dakika 25 hivi inakufa ganzi, noti za juu zinagoma kabisa, sajenti ananiambia nishindilie zaidi nitazoea. Jua likiwaka natofautiana na wenzangu, naambiwa sauti yangu iko juu. Mwezi uliopita kwenye mazoezi ya gwaride tulisimama muda mrefu nikaona giza, nusura nianguke. Halafu wenzangu wananiita spea, eti chombo changu kikikosekana hakuna atakayejua. Je, niombe nirudishwe kwenye korneti au niache bendi kabisa nirudi kikosini? Nipo njia panda."

Marahaba kijana wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama hapo kwenye "nishindilie zaidi", maana mimi mwenyewe niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na umri wako na lilinichelewesha karibu miaka mitatu. Nimepuliza yufoniamu jeshini miaka 22, sasa nimestaafu nafundisha vijana, kwa hiyo ninachokwambia hapa kimenipitia mdomoni kwanza.

Umeuliza mambo kama matano lakini mengi yana mzizi mmoja. Unaogopa kwamba midomo yako ni dhaifu na kwamba chombo chenyewe hakina kazi, ukiunganisha hayo mawili unaona bora uondoke. Yote mawili sio kweli. Tuanze na midomo maana hiyo ndo inayokuuma.

Sauti haitoki kwenye ile shaba, inatoka kwenye nyama ya midomo yako. Chombo kinaikuza tu na kuipa umbo. Ukipiga ile noti ya Bi flati ya chini ambayo kila siku mnaanzia nayo kupasha, midomo inapigana mara 116 hivi kwa sekunde, ukipanda oktevu moja, yaani noti nane juu, ni mara 233, na ili ipigane hivyo inatakiwa iwe huru na damu ipite. Sasa bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa nguvu uangalie rangi yake. Umekuwa mweupe, si ndiyo? Damu imekimbia. Ukishindilia mausipisi, kile kikombe unachowekea midomo, midomo inafanyiwa kitu hicho hicho kwa dakika 25 mfululizo, msuli unafanya kazi bila damu mpya, unachoka, unakufa ganzi, kesho yake unaamka midomo imevimba, na kwa kuwa imevimba haitikisiki vizuri unashindilia zaidi ili noti itoke. Ndo mzunguko wenyewe huo.

Sajenti wako hakudanganyi kwa makusudi. Ukishindilia, noti ya juu kweli inatoka, kwa sababu midomo inakazwa na ile hewa iliyokuwa inavuja pembeni inazibwa, kwa hiyo mtu aliyekaa mbele yako anasikia imetoka na anaamini dawa imefanya kazi. Lakini ni sawa na mkopo wa kausha damu, leo umepata, kesho unalipa mara mbili, na kwetu sisi damu inakauka kweli. Hakuna kuzoea hapo. Niliowaona "wamezoea" ni watu wenye alama ya duara mdomoni isiyofutika, noti za juu zimewakimbia wakiwa na miaka 35.

Halafu kuna jambo ambalo inaonekana hukuambiwa ulipohamishwa. Korneti na yufoniamu vidole ni vilevile, ndo maana watu wanadhani kuhama ni kubadilisha kiti tu. Lakini bomba la korneti ukilinyoosha ni kama mita 1.4, la yufoniamu ni kama mita 2.7, yaani mara mbili yake. Mausipisi ya korneti upana wake kwa ndani ni kama milimita 16 au 17, hiyo yako ya sasa ni 25 na kidogo. Kwa hiyo nyama inayotikisika imeongezeka sana, na bomba linapanuka pole pole kutoka mwanzo mpaka kwenye kengele, ule mdomo mpana wa kutokea sauti, linakula hewa vibaya mno. Wewe umekuja na pumzi ya korneti, ile hewa nyembamba ya kasi kama mtu anapoza chai, yufoniamu ikakaa na njaa, ukaanza kuisaidia kwa mkono. Kumbe inataka hewa nene, ya moto, kama ile unayopulizia viganja asubuhi ya baridi kule Makambako. Tofauti hiyo ifanyie kazi mwezi mmoja na utaniambia.

Mwalimu aliyenitoa kwenye shimo hilo alikuwa mtu wa maneno machache sana. Alichukua magunia mawili ya unga pale stoo, akayaweka juu ya meza, akailaza yufoniamu yangu juu yake, akasukuma meza mpaka mausipisi ikawa usawa wa mdomo wangu nikiwa nimekaa. Halafu akaniambia nifunge mikono nyuma. "Piga." Bila kushika kitu, bila kubonyeza pistoni, vile vitufe vya vidole, noti za wazi tu. Nikisogeza kichwa kwa nguvu chombo kinateleza kinanikimbia. Siku ya kwanza nilipata noti mbili za chini na mate mengi. Baada ya wiki kama tatu nilikuwa napanda mpaka ile Bi flati ya juu ya wazi mikono ikiwa mgongoni, na hapo ndo nikaelewa kwamba miaka yote ile nilikuwa napandisha noti kwa mkono wa kushoto wakati kazi hiyo ni ya tumbo na pembe za midomo. Tafuta magunia, mito, blanketi la kukunja, chochote kile, ila mwombe mtu asimame karibu chombo kisidondoke.

Kwa wiki mbili za mwanzo usipige mazoezi yako binafsi zaidi ya dakika 15 kwa mkupuo, na kila dakika uliyopiga pumzika dakika moja, saa mkononi kabisa. Najua kambini mtu anayepumzika anaonekana mvivu, wewe pumzika, msuli unajengeka ukipumzika. Piga noti ndefu, laini, katikati ya chombo, kisha panda na kushuka taratibu bila pistoni, na ukihisi ule mchonyoto wa ganzi unaanza, weka chini hapo hapo hata kama umebaki na noti moja. Mazoezi ya bendi nzima huwezi kuyakwepa, lakini humo ndani kuna pa kupumulia pengi. Kwenye kipande chenye sauti kubwa ambapo watu wote wanapiga kitu kimoja, noti za juu ziache zipite au zipige oktevu ya chini, tunza mdomo kwa zile sehemu ambazo uko peke yako. Na sajenti usibishane naye mbele za watu. Mfuate mazoezi yakiisha, simama vizuri, mwambie afande naomba wiki sita nijaribu njia nyingine, nikishindwa narudi kwenye yako. Mkubwa aliyeombwa kwa heshima ni nadra kukataa.

Ukiwa unatembea angalia nyayo zako. Machi ya haraka ni karibu hatua 120 kwa dakika, ukitua na kisigino kwa kishindo kila hatua inapanda mpaka kwenye meno na mausipisi inakugonga mara 120, si ajabu midomo inavimba. Weka kisigino, viringisha mguu mpaka vidole, magoti yawe na ulaini. Chombo chenyewe kina kilo kama nne mpaka tano na kinaning'inia mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ukichoka kinashuka na kuuvuta mdomo. Piga push-up, sisemi kwa kujazia maneno.

Hilo la jua ni fizikia tu, wala halihusiani na masikio yako. Sauti inasafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza kama mita 6 kwa sekunde, na hewa iliyo ndani ya bomba ikipata joto chombo kinapanda. Korneti ni ndogo, pumzi ya mpigaji inaipasha mapema, mnapotyuni, yaani mnapolinganisha sauti, asubuhi yenyewe imeshafika. Yako ni bomba kubwa, inachelewa kupata moto, mnatyuni ikiwa bado ya baridi, inasikika iko chini, unaambiwa sukuma slaidi ndani, kile kibomba cha kurekebisha sauti, unasukuma. Saa nne jua limekaa kwenye shaba, chombo kimepanda na slaidi yako bado iko ndani. Lazima uwe juu! Kabla ya kutyuni puliza hewa ya moto bila sauti dakika mbili tatu ukiwa umebonyeza pistoni zote ili joto lizunguke kote, na kila mnapopewa mguu pande vuta slaidi kidogo, sikiliza, vuta tena. Mkiwa mnasubiri geuza mwili chombo kikae kivulini hata kama ni kivuli chako mwenyewe. Pia jua kwamba pistoni ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja zinatoa noti iliyo juu kidogo kwenye chombo chochote, ndo maana yufoniamu nyingi zina pistoni ya nne, na mwaka 1874 Muingereza David Blaikley alibuni mfumo wa vibomba vya ziada vya kurekebisha hilo. Kama yako ina ya nne itumie badala ya moja na tatu, watu wengi wanaiacha inakaa kama pambo.

Sasa hili la kuona giza nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Ukisimama umekaza magoti, damu inajikusanya miguuni, ubongo unapungukiwa, na sisi wapulizaji tuna la ziada, ukikaza kifua kupiga noti ya juu damu inayorudi kwenye moyo inapungua tena. Tarehe 10 Juni 2023 pale uwanja wa gwaride wa Horse Guards jijini London, wakifanya mazoezi ya gwaride la mfalme mbele ya Prince William, joto lilipita nyuzi 30 na askari kadhaa walianguka, mmoja wao mpiga tromboni wa bendi, alijiinua akajaribu kuendelea kupiga. Watu walimsifia. Mimi nilipoiona ile picha niliumia, kwa sababu mtu aliyezimia akisimama haraka anaweza kuanguka tena, na safari hii kwa kichwa.

Kwa hiyo kunywa maji kuanzia jana yake, sio yale ya kubugia asubuhi ukaishia kutaka kukojoa kwenye gwaride. Kula, hata uji na mkate. Ukisimama magoti yalegee kidogo ndani ya suruali, hakuna anayeona, na kila baada ya muda kaza mashavu ya miguu na ukunje vidole ndani ya buti, hiyo ndo pampu inayorudisha damu juu. Ukianza kusikia masikio yanavuma, jasho la baridi, nukta nyeusi, usijikaze kiume. Piga goti, chombo mbele yako, inamisha kichwa. Mtu aliyepiga goti anasimama mwenyewe baada ya dakika chache, aliyeanguka na kilo tano za shaba anabebwa na meno yake yanabaki kwenye lami.

Nije kwenye spea. Hapa nitakuwa mkali kidogo, sio kwako, kwa hao wenzako. Jina la chombo chako linatokana na Kigiriki, maana yake ni sauti tamu, na kinahesabiwa kuwa kilizaliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1843 mikononi mwa Ferdinand Sommer. Kwenye bendi ya kijeshi, ambayo haina vayolini wala selo, wewe ndo unafanya kazi ya selo, ile vayolini kubwa ya sauti nene. Sikiliza machi yoyote ikifika ile sehemu ya tatu ambapo muziki unatulia: juu klarineti na korneti wanaimba wimbo ambao kila mtu uwanjani anaujua, chini tyuba, lile tarumbeta kubwa la besi, anatembea, na katikati kuna wimbo wa pili unapita kinyume, unajibu, unapanda wa juu wakishuka. Ule ni wako. Siku utakayougua bendi masta atasimamisha mazoezi aulize "mbona pako wazi?" hata kabla hajajua ni nani hayupo. Mtunzi Gustav Holst alipoandika suti yake ya pili, yaani mfululizo wa vipande vya muziki, ya bendi ya kijeshi mwaka 1911, ndani ya kipande cha kwanza ambacho ni machi aliweka wimbo mzima mkononi mwa yufoniamu peke yake, wengine wote wanasindikiza. Huwezi kumpa spea kazi hiyo.

Na hata huku kwetu, ngoma ya beni ilipoanza kwenye miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa kisha ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, jina lenyewe likiwa ni neno bendi, watu waliipokea yote, mavazi, vyeo, hatua na ile sauti nzito inayokugonga kifuani bendi ikipita. Uzito ule unatoka kwenu mnaokaa katikati na chini.

Kitu ambacho yufoniamu ilinifundisha ni kusikiliza. Korneti anajisikia mwenyewe, sisi huwezi kujua uko sawa mpaka umsikie wa juu na wa chini kwa pamoja, na tabia hiyo nilitoka nayo nikaingia nayo nyumbani kwangu.

Kuhusu korneti nitakupa ukweli. Kuomba kurudishwa ni haki yako, na kama moyo wako uko huko kabisa sitakuzuia. Ila usirudi kwa ajili ya midomo, kwa sababu ukingo wa mausipisi ya korneti ni mwembamba zaidi, ukienda na tabia ya kushindilia utajiumiza zaidi kule. Halafu wapiga korneti ni wengi wanagombea nafasi, yufoniamu siku zote wanatafutwa. Baada ya kustaafu pia utaona tofauti. Kwenye harusi, vijana wakiwa nyuma ya pikapu, anayetunzwa pesa nyingi ni wa tarumbeta la juu, sitakuficha, lakini simu za kuitwa zinakuja zaidi kwa anayeweza kushika katikati na pia kukaa besi mtu akikosekana. Mimi nimesomeshea mtoto kwa simu hizo. Kurudi kikosini sio aibu, na kumbuka hata ukibaki bendi wewe ni askari kwanza, kwenye majeshi yaliyofuata desturi za Waingereza wanabendi ndo waliokuwa wakigeuka wabeba machela vita ikianza. Kama kinachokuvuta ni kazi ya askari, nenda. Kama kinachokusukuma ni ganzi ya midomo, ngoja kwanza wiki sita.

Mambo mawili ya haraka ambayo hukuyauliza. Masikio: sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia masaa 8, kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, ikifika 100 umebaki na robo saa, na wewe umekaa tromboni na ngoma zikiwa nyuma yako. Nunua vile vizibo vya sponji, bei yake ni ndogo. La pili usafi. Mwaka 2010 madaktari waliandika kuhusu mpiga tromboni aliyekohoa miaka 15 kumbe ni ukungu na vijidudu vilivyokaa ndani ya chombo, alipokisafisha akapona. Kila mwezi fungua slaidi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika. Kwenye pistoni weka mafuta yake tu, ya kupikia yanaganda. Na usiazimane mausipisi, iwe mafua au malengelenge ya mdomoni, vyote vinapata njia.

Sasa kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyatibu. Ganzi ikikaa zaidi ya siku mbili tatu baada ya kupumzika, au ulisikia kitu kama kimechanika mdomoni na tangu hapo hewa inavuja upande mmoja, acha kupiga uende hospitali, msuli wa mdomo unaweza kuchanika kweli na ukilazimisha unaharibu zaidi. Midomo ikianza kutetemeka au kujikunja yenyewe kwenye noti ulizokuwa unaziweza, hiyo sio uvivu wala kukosa mazoezi, ona daktari wa mishipa ya fahamu. Uvimbe kwenye kinena unaotokeza ukipuliza inaweza kuwa ngiri. Kikohozi cha wiki mbili kapime. Masikio yakilia mpaka kesho yake, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kwa kuwa umeshaona giza mara moja, nenda zahanati ya kambi wiki hii wakupime presha na damu, uwaambie ilikuwaje, usisubiri ya pili. Mbali na daktari, tafuta mpigaji mzoefu akutazame ukiwa unapiga, mbele yake kwa macho yake, kwa sababu mimi sioni pembe za midomo yako wala bega lako la kushoto, na ninahisi hilo bega limepanda.

Nimesahau jambo moja, kusoma noti. Kama karatasi unazopewa zimeandikwa kwa ufunguo wa besi na wewe ulizoea ule wa korneti, mwambie bendi masta, mara nyingi muziki wa bendi unakuja na karatasi za aina zote mbili kwa chombo chako. Anza na uliyoizoea, ya besi jifunze jioni mistari minne minne. Mtu anayehangaika kusoma anakaza mwili mzima bila kujua, mdomo ukiwa wa kwanza.

Pata daftari dogo. Kila siku andika dakika ngapi ulipiga kabla ganzi haijaanza, tarehe na namba tu. Baada ya wiki sita niandikie uniambie ile 25 imekuwa ngapi.